UZI: Brock Bowers, taiti endi wa Georgia. Mechi 44, vipigo viwili, na takwimu zinazomdhulumu

Mbeba Boksi
Wakuu, salaam. Kwenye ule uzi wa vikapu kuna mtu alinibishia kwamba futiboli ya Kimarekani haina mchezaji anayestahili uzi wake peke yake, ukiacha makwotabeki, wale warusha pasi wa kwenye matangazo. Nikamwambia asubiri nipate siku ya kupumzika. Leo nimepata, chai iko mezani, tuanze.

Niko Georgia, nje kidogo ya Atlanta, nabeba boksi zamu ya usiku. Kwa hiyo Jumamosi mchana ndio usiku wangu. Septemba 2021 nimejilalia, nikasikia mzee wa jirani kapiga ukelele mpaka nikadhani kaanguka. Nikatoka na bukta, nikagonga. Namkuta kasimama katikati ya sebule, bakuli la karanga za kuchemsha limemwagika kwenye zulia, ananionyesha runinga kwa kidole bila kusema neno. Wanarudia tukio: kijana wa jezi namba 19 anapokea pasi, anakimbia, na wanaomfukuza wanazidi kuachwa mpaka kamera haiwaoni. Yadi 89, na uwanja mzima ni yadi 100. Ilikuwa Georgia na UAB, timu za vyuo, ikaisha 56 kwa 7. Mechi ya pili tu ya huyo dogo chuoni.

Mzee akasema, "Huyo ni taiti endi. Taiti endi hawakimbii hivyo." Mimi wakati ule sijui taiti endi ni mdudu gani. Nikakaa, nikala karanga zilizosalia. (Ndiyo, watu wa huku kusini wanachemsha karanga na chumvi kama za kwetu. Siku hiyo nilisamehe mengi.)

Jina lake Brock Bowers. Kazaliwa Desemba 2002 huko Napa, California, kwenye mashamba ya zabibu. Msimu wake wa mwisho wa sekondari uliliwa na korona, vuli ya 2020 California hawakucheza. Januari 2021 akahamia chuo kikuu cha Georgia, mjini Athens, upande wa pili kabisa wa nchi. Mtu aliyekaa karibu miaka miwili bila mechi ya ushindani, Septemba anaanza dhidi ya Clemson na anamaliza akiwa kinara wa kudaka kwa timu yake. Georgia walishinda 10 kwa 3.

Naendelea, msiharibu mtiririko.

Mchungu Kweli
Nimeshaharibu. Taiti endi ndio nani? Na kwa nini huu mchezo wanacheza sekunde sita halafu wanasimama kama wanasubiri daladala?

Mbeba Boksi
Wanasimama kupanga, mkuu. Kila tukio ni mpira wa adhabu uliofanyiwa mazoezi wiki nzima.

Sasa taiti endi. Upande wa kushambulia una watu 11. Katikati kuna ukuta wa mibaba mitano, kazi yao kusukuma na kumlinda kwotabeki, na kwa kawaida pasi haiwahusu. Pembeni kabisa kuna wadakaji, wepesi, kazi yao mbio. Taiti endi anasimama pale ukuta unapoishia. Tukio hili anaambiwa amsukume jitu la kilo 120 ili mwenzake apite. Tukio linalofuata anaambiwa akimbie akadake. Beki akimtazama hajui kipi kinakuja, na faida yote ya namba ile iko hapo.

Kwa soka letu, chukua kiungo mkabaji na namba tisa uwatie kwenye mwili mmoja. Wengi wanaweza kazi moja, nyingine wanaiigiza. Mrefu wa kudaka anasukuma kama anafungua mlango wa friji. Msukumaji mzuri ana mikono ya zege.

Bowers hakuwa mkubwa kwa namba ile. Urefu mita 1.91 hivi, uzito kilo 110. Mwenzake wa namba hiyohiyo pale Georgia, Darnell Washington, alikuwa na mita 2 na kilo 120. Wakisimama pamoja Bowers anaonekana mdogo wake aliyekuja kumtembelea.

Raga Ngong
Hapo nimeshika. Mimi ni mtu wa raga, na hiyo kazi kwetu inafanana na ya flanka. Anagongana kwenye zogo, halafu ukigeuka unamkuta winga ana mpira. Mtu wa aina hiyo watazamaji hawamwoni, lakini uliza wenzake.

Mbeba Boksi
Raga Ngong, hilo neno lako la "uliza wenzake" litunze, nitalirudia.

Msimu wa kwanza, 2021: kadaka mara 56, yadi 882, tachidauni 13 (tachidauni ndiyo bao lao, kuufikisha mpira mwisho wa uwanja). Kumbuka huyu ni mwaka wa kwanza, umri miaka 18. Gawanya, ni karibu yadi 16 kwa kila alichodaka, kwa namba ambayo wengi wanapewa pasi fupi za kujiokoa.

Desemba wakakutana na Alabama kwenye fainali ya kanda yao, SEC, pale Atlanta. Dogo akadaka 10, yadi 139 na tachidauni moja. Wakapigwa 41 kwa 24. Mzee wa jirani hakunifungulia mlango siku mbili.

Tarehe 10 Januari 2022, Indianapolis, fainali ya taifa, walewale Alabama. Georgia hawajachukua ubingwa tangu msimu wa 1980. Wanaongoza 19 kwa 18, zimebaki kama dakika tatu na nusu. Kwotabeki Stetson Bennett anamrushia Bowers pasi fupi ya pembeni, yadi 15 mpaka ndani. 26 kwa 18. Pasi yenyewe hata mimi ningeitupa. Kazi yote iko baada ya kudaka. Muda mfupi baadaye beki Kelee Ringo akanyakua pasi ya Alabama na kukimbia nayo mpaka mwisho, 33 kwa 18. Mzee alilia. Hakulia kwa kelele, alikuwa anafuta miwani tu, anaivaa, anaivua tena.

Kisha ikajulikana kwamba dogo alikuwa na bega bovu. Akaenda kufanyiwa upasuaji mwezi huohuo.

Binti Pangani
Nimeweka mkeka hapa. Mleta uzi usikimbie kwenda kazini kabla hujamaliza 😂

Mchungu Kweli
Sawa, namba nzuri. Lakini 56 kwa mechi 15 ni kama tatu na kitu kwa mechi. Mtu anayeshika mpira mara nne mechi nzima ndio wa kumfungulia uzi? Nimepekua kidogo: Tyler Warren wa Penn State, taiti endi huyohuyo, msimu wa 2024 kadaka 104, yadi 1,233. Karibu mara mbili ya alizodaka Bowers wako.

Mbeba Boksi
Aha, kumbe unapekua. Karibu sana.

Warren simpingi hata kidogo. Mechi yake na USC Oktoba 2024, kadaka 17, yadi 224. Na kuna tukio alisimama yeye kama senta, mtu wa katikati anayeanzisha mpira, akautoa mpira kwa mkono wake mwenyewe, akakimbia, akaenda kuudaka kwa tachidauni. Ukikuta video yake itazame mara mbili, ya kwanza utadhani umekosea.

Ila Penn State walikuwa wanamtafuta Warren kila wakibanwa. Georgia ya 2021 na 2022 ilikuwa inaua watu. Mechi ngapi dogo alikuwa amekaa benchi robo ya nne, kofia mkononi, kwa sababu timu inaongoza kwa 40? Takwimu zinamdhulumu hapo. Bao la 56 kwa 7 halihitaji umlishe mtu mpira.

Na kuna hili ambalo haliandikwi popote. Mechi ikirudiwa, kaa dakika kumi umtazame namba 19 wakati mpira HANAO. Mkimbiaji anapita kushoto, Bowers yuko mbele yake kashika mtu wa pembeni kifuani, miguu midogomidogo haraka, hamwachi mpaka filimbi. Kisha anainuka anarudi kwenye mstari. Hakuna anayempigia makofi. Nikimwangalia vile namkumbuka fundi wangu mmoja wa zamani Tandika, nyumba inasifiwa kwa rangi, yeye kaisuka nondo.

Msimu wa 2022 ndio waliamua kumtumia kwa fujo. Wakaanza kumpa mpira mkononi kama mkimbiaji. Na Kent State akaukimbiza yadi 75 mpaka mwisho. Taiti endi! Mwaka huo kadaka 63, yadi 942, tachidauni 7, na nyingine 3 kwa kukimbia. Akapewa tuzo ya John Mackey, ya taiti endi bora wa vyuo.

Lile la Jacksonville na Florida, Oktoba 2022, nitalieleza polepole. Pasi inaenda katikati. Beki wa Florida yuko mbele yake na mkono wake unaugusa mpira, unabadili njia. Watu tisa kati ya kumi hapo wanasimama na kushika kiuno. Bowers macho hayajabanduka. Mpira unamdundadunda mikononi, anaukusanya huku anayumba, mguu mmoja karibu uteleze, anasimama sawa, anaondoka. Yadi 73. Siku hiyo alimaliza na yadi 154 kwa kudaka mara tano tu.

Raga Ngong
Nimeitazama sasa hivi. Wueh. Kwa raga huo mpira ukikuponyoka mbele umekwisha, refa ashapuliza.

Kijukuu wa Bibi Sofia
Wakuu samahani, swali la pembeni. Hawa ni wanafunzi kweli? Wanalipwa? Nasikia wana mamilioni.

Mbeba Boksi
Zamani ilikuwa mwiko. Chuo kinakusanya fedha za runinga na tiketi, uwanja wa Sanford pale Athens unaingiza watu zaidi ya 92,000, mchezaji anapata ada, chakula na kitanda. Julai 2021 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kikaruhusu wachezaji wapate fedha kwa jina na sura zao, matangazo na kadhalika. Kwa hiyo Bowers aliingia chuo Januari mambo yakiwa ya zamani, akacheza mechi ya kwanza Septemba mambo yakiwa mapya. Kizazi chake ndicho kilikata utepe.

Lakini yeye si mtu wa kujitangaza. Akiwekewa kipaza sauti anajibu kwa maneno manane na anaangalia mlango uko wapi. Waandishi wa huku walishamzoea.

Kuhusu mimi na uwanja huo: 2022 nilinunua tiketi kwa mtu wa mtandaoni, nikaendesha kilomita 110 na jezi mpya mwilini, langoni mashine ikakataa. Tiketi ya kishoka. Nikasikiliza mechi nimeegemea ua, na ukweli ni kwamba kelele za watu elfu tisini ukiwa nje unazisikia tumboni. Hasira ziliisha robo ya tatu. Hela hazikurudi.

Binti Pangani
Pole mkuu. Mimi ni mfiziotherapia, nimeona mahali wameandika aliumia kifundo cha mguu akarudi chini ya mwezi mmoja. Ni kweli au chumvi za mitandao?

Mbeba Boksi
Ni kweli dada, na naomba utusaidie wewe mwenye fani. Tarehe 14 Oktoba 2023, mechi na Vanderbilt, kifundo cha kushoto. Upasuaji tarehe 16. Tarehe 11 Novemba yuko uwanjani na Ole Miss, na akafunga. Siku 26.

Binti Pangani
Sawa, sasa naelewa. Itakuwa si ile ya kuteguka kwa kawaida, ya nje ya mguu, ambayo unaweka barafu. Hii inakuwa juu kidogo. Mifupa miwili ya chini ya goti, ule mnene na ule mwembamba, inashikana kwa kano. Kano zikichanika mifupa inaachana kila ukikanyaga. Zamani walikuwa wanafunga na skrubu ya chuma, na mara nyingi inabidi ije itolewe. Siku hizi wanatoboa tundu dogo kupita mifupa yote miwili, wanapitisha uzi mgumu sana wenye kifungo kila upande, wanakaza. Kama unavyofunga gunia la mkaa. Uzi unaruhusu mifupa isogee kidogo inavyotakiwa, ndiyo maana mtu anarudi mapema.

Ila kurudi mapema si kupona. Kano zenyewe bado. Mgonjwa wangu wa kawaida nisingemruhusu hata kuruka kamba wiki ya nne. Huyo alikuwa na watu watano wanamshughulikia asubuhi hadi jioni, na bado ningekuwa nimefumba macho.

Mbeba Boksi
Asante dada, gunia la mkaa limenikaa.

Na ulivyosema ndivyo ilivyokuwa. Alicheza na Ole Miss na Tennessee, wakampumzisha mechi ya Georgia Tech, wakamrudisha kwa fainali ya kanda na Alabama tarehe 2 Desemba. Wakapigwa 27 kwa 24. Ushindi wa mechi 29 mfululizo ukafia hapo. Dogo alikuwa anakimbia kama mtu aliyevaa kiatu cha kaka yake. Hiyo ikawa mechi yake ya mwisho chuoni, ile ya kufunga msimu, Orange Bowl, hakucheza.

Kabla hajaumia, mwaka huohuo, kulikuwa na Auburn ugenini, tarehe 30 Septemba. Kama utatazama mechi moja tu, iwe hii. Bennett ameshaondoka, kwotabeki mpya Carson Beck ndio mara yake ya kwanza kuanza ugenini, uwanja unatikisika. Georgia, mabingwa mara mbili mfululizo, wamekamatwa 20 kwa 20. Kipindi cha pili ikawa haina siri tena. Bowers, Bowers, Bowers. Auburn wanajua, mpishi wa uwanjani anajua. Zimebaki chini ya dakika tatu, anadaka, mmoja anamrukia anamkosa, yadi 40, 27 kwa 20. Jumla yadi 157 siku hiyo. Mzee jirani alikaa tu kwenye kochi akasema, "Sasa wamemuuliza kwa adabu."

Raga Ngong, kuwauliza wenzake ndiko huku. Timu ikibanwa kweli, mpira ulikwenda kwa nani?

Mechi 10 tu mwaka ule, kadaka 56, yadi 714, tachidauni 6, na tuzo ya Mackey tena. Hakuna mwingine aliyewahi kuichukua mara mbili. Jumla ya miaka mitatu: 175, yadi 2,538, tachidauni 26 za kudaka na 5 za kukimbia.

Mchungu Kweli
Kama alikuwa hivyo mbona NFL, ligi ya kulipwa, timu zilipochagua vijana wa vyuo kwa zamu alichukuliwa wa 13? Wa kwanza hadi wa 12 walikuwa malaika?

Mbeba Boksi
Swali zuri, nimekasirika nalo tangu Aprili 2024. Hesabu: katika hao 12, sita walikuwa makwotabeki. Timu isiyo na kwotabeki iko tayari kuuza nyumba. Wengine walitaka wadakaji wa pembeni na watu wa ukuta. Taiti endi soko lake dogo. Na kuna waliochomwa na taiti endi Kyle Pitts wa Florida, alichukuliwa wa 4 mwaka 2021, yeye naye alikuwa gumzo la vyuo, na makubwa yaliyotabiriwa hayakuja.

Raiders wa Las Vegas wakamchukua. Timu mbovu, ilishinda mechi 4 tu kati ya 17 msimu ule, makwotabeki wanapokezana kama makonda wa zamu. Humo ndani yeye akadaka 112. Hakuna mchezaji mgeni, yaani wa mwaka wa kwanza NFL, wa namba yoyote aliyewahi kufikisha hapo. Yadi 1,194, akavunja rekodi ya taiti endi mgeni iliyowekwa na Mike Ditka mwaka 1961. Miaka 63, mkuu. Kwa hiyo ile hoja yako ya "mara nne kwa mechi" naomba uirudishe ulikoitoa. Walipomlisha, alikula.

Mchungu Kweli
Narudisha nusu. Nusu nyingine inabaki na Warren.

Raga Ngong
Na swali langu moja. Kama kifundo kingekuwa kizima ile Desemba 2023, Alabama wangepona?

Mbeba Boksi
Kila mtu wa Georgia atakuambia wasingepona. Mimi siwezi kuapa. Miaka yake mitatu Georgia walicheza mechi 44, wakapoteza 2. Zote mbili ni fainali ya kanda, zote Alabama, zote uwanja uleule wa Atlanta. Ile ya kwanza, 2021, alipata yadi 139 na bado wakachapwa kwa 17. Mtu mmoja hazibi kila tundu.

Mzee ana jibu lake. Anasema mechi ile haikuchezwa. Ukimwonyesha matokeo anaomba umpishe, karanga zinaungua.

Natoka, zamu inaanza saa nne usiku. Kijukuu, hiyo ya Auburn tafuta marudio ya dakika kumi na tano, usinunue tiketi kwa mtu.

Kijukuu wa Bibi Sofia
😂😂 Nimeipata. Naianza kipindi cha pili au mwanzo?

Binti Pangani
Cha pili. Na angalia kifundo cha kushoto, bado kizima hapo.